NONDO WA MSITUNI: TUWATAMBUE USIKU KWA TAA NA SHUKA JEUPE



Jua likitua na taa ikiwashwa, wageni huanza kufika. Mmoja anagonga kioo cha chemli. Wa pili anaangukia kwenye bakuli la mboga. Wa tatu anazunguka juu ya kichwa cha baba mpaka baba anamkamata na kumtupa nje. Sisi sote tunawaona kila siku, hasa wakati wa mvua. Lakini tukiulizana majina yao, wengi wetu husema tu, "Ah, ni wadudu wa taa."

Wengi wa wadudu hao ni nondo. Hatusemi nondo za chuma, zile za kujengea. Tunasema nondo mdudu, ndugu yake kipepeo. Leo tunataka tutoke nao nje, twende mpaka ukingoni mwa msitu, tuwashe taa, tuwatazame vizuri mmoja mmoja. Yapo mambo mengi ya kujua hapo, na mengine yanahusu shamba letu na jirani zetu.

Mgeni mwenye fuvu mgongoni

Kwanza tuwape habari ya usiku mmoja. Tulikuwa tumelala kwenye kijiji kimoja cha Mkoa wa Tabora, karibu na msitu wa miombo. Yapata saa tatu usiku, akaingia ndani nondo mkubwa kuliko wote tuliowahi kuona. Upana wa mabawa yake ulipita kiganja cha mtu mzima. Tumbo lake lilikuwa la manjano lenye mistari myeusi. Na mgongoni, jamani, alikuwa na alama kama fuvu la mtu. Macho mawili meusi na taya lake.

Kijana wa nyumba ile akamfunika kwa kibuyu. Nondo akalia. Ndiyo, alilia! Sauti nyembamba, chwii, chwii, kama panya aliyebanwa na mlango. Hapo nyumba nzima ilitoka nje. Bibi mmoja akasema, "Huyu katumwa." Mwingine akauliza, "Katumwa na nani?" Basi jina la mama mmoja mjane, jirani wa pale pale, likaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Ninyi wasomaji mnajua mambo ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Watu wamefukuzwa vijijini, na wengine wameuawa, kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Bahati nzuri, mzee mmoja mfuga nyuki alisikia kelele akaja na tochi yake. Akafunua kibuyu, akamshika yule nondo kwa vidole viwili, akacheka.

"Poleni wanangu," alisema. "Huyu namfahamu. Huyu ni mwizi wangu wa asali. Nimemkuta ndani ya mizinga mara nyingi. Mara nyingine namkuta amekufa, nyuki wamempaka gundi yao mwili mzima."

"Na kile kilio, babu?"

"Hata mzingani hulia hivyo hivyo. Muulizeni mrina asali yeyote."

Mzee yule alisema kweli. Nondo huyo wataalamu humwita Acherontia atropos, naye yuko karibu Afrika nzima. Hupenda asali. Wenzake wengi wana mrija mrefu mwembamba wa kunyonyea maua, lakini wa kwake ni mfupi na mgumu, anaweza kutoboa sega. Usiku huingia mzingani akajishibisha. Nyuki hawamgundui upesi kwa sababu mwili wake una harufu inayofanana na ya kwao. Ile sauti huitoa kwa kuvuta na kusukuma hewa mdomoni, kama mtu anayepuliza filimbi. Na lile fuvu ni rangi tu ya manyoya yake. Ukimwangalia kwa karibu utaona ni vumbi la manjano na jeusi.

Kiwavi wake ni mnene kama kidole gumba, na nyuma ana kipembe. Mara nyingi utamkuta kwenye tumbaku, viazi mviringo au bilinganya. Kwa hiyo nyumba iliyo karibu na shamba la tumbaku na mizinga ya nyuki, kama ile tuliyolala, isishangae kumpata mgeni huyo.

Mama yule mjane alikuja asubuhi kuomba moto, kama kawaida yake. Hakuna aliyemweleza kilichopita usiku.

Nondo ni nani?

Nondo na kipepeo ni ukoo mmoja. Wote mabawa yao yamefunikwa na vumbi laini. Vumbi hilo ni magamba madogo sana, yamepangwa kama vigae juu ya paa. Ukimshika nondo, vigae hivyo hubaki vidoleni. Wapo wanaosema vumbi hilo linapofusha. Hapana, halipofushi. Likiingia jichoni linaweza kuwasha, basi nawa mikono ukimaliza.

Tunawatofautisha vipi? Tazama vipapasio, vile vijiti viwili vya kichwani. Kipepeo ana vipapasio vyembamba vyenye kifundo kwenye ncha, kama njiti ya kibiriti. Nondo hana kifundo hicho. Vipapasio vyake ni kama uzi, au kama unyoya wa kuku. Tena kipepeo akitua mara nyingi husimamisha mabawa yamekutana juu ya mgongo. Nondo huyalaza. Na kama wote tujuavyo, kipepeo hutembea mchana na nondo usiku, ingawa wapo nondo wachache wanaotembea mchana wakatudanganya. Ukikutana na hao rudi kwenye vipapasio.

Maisha yao yana hatua nne. Yai, halafu kiwavi, halafu buu, ndipo nondo mwenyewe. Buu ni kile kitu kama kokwa la tende ambacho jembe hukifukua ardhini, ukikishika kinachezesha mkia. Kumbuka jambo moja: anayekula majani ni kiwavi. Nondo mwenye mabawa hatafuni jani lolote, hana meno. Hunywa maji ya maua, au utomvu, au juisi ya matunda, na wengine hawali kitu kabisa. Hata wale nondo wadogo wanaosemwa kuwa wanakula nguo, anayetoboa nguo ni kiwavi.

Kwa nini wanazunguka taa?

Wengi tumezoea kusema nondo anapenda moto, na ndiyo maana anajichoma. Wengine tulifundishwa kwamba anaidhania taa kuwa ni mwezi. Lakini mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Uingereza na Marekani waliowapiga picha wadudu kwa kamera za kasi sana. Wakaona jambo rahisi ajabu.

Usiku, hata kama hakuna mwezi, mbingu ina mwanga zaidi kidogo kuliko ardhi. Mdudu anayeruka hugeuza mgongo wake kwenye mwanga, na kwa njia hiyo anajua juu ni wapi na chini ni wapi. Sasa ukiweka taa ubavuni mwake, yeye anageuza mgongo upande wa taa. Akiruka akiwa ameinama hivyo, anajikuta anazunguka. Anazunguka tena na tena, hawezi kutoka. Ukiweka taa chini, anaipa mgongo hivyo hivyo, na akipita juu yake anapinduka kichwachini na kuanguka. Kumbe hapendi moto. Amenaswa!

Tujiandae

Usiku mzuri ni usiku wa giza, usio na mbalamwezi, wenye joto na usio na upepo. Katika miombo ya Tabora, Rukwa, Katavi au Ruvuma wakati mzuri kuliko yote ni mvua za kwanza, Novemba na Desemba, majani mapya yanapochipua. Kiangazi utapata wachache. Usiku wa baridi wenye mwezi mpevu utakaa mpaka usingizi ukuchukue.

Vitu vya kubeba ni vichache. Shuka jeupe, kamba, taa, tochi, glasi safi ya kumfunikia mdudu, daftari na kalamu. Funga kamba kati ya miti miwili, tundika shuka kama mtu anayeanika nguo, na taa itundikwe mbele yake. Upande mmoja wa shuka utazame msitu. Taa ya karabai huita nondo wengi sana. Siku hizi taa za sola zenye mwanga mweupe nazo zinafaa. Taa ya mwanga wa manjano huita wachache, na nyekundu wachache zaidi.

Ipo njia nyingine isiyohitaji taa. Chukua ndizi zilizoiva mno, zile ambazo hata watoto wamezikataa. Ziponde, changanya na sukari na pombe kidogo ya kienyeji, acha mpaka kesho yake. Jioni paka mchanganyiko huo kwenye magome ya miti mitano au sita. Baada ya saa moja pita na tochi polepole. Utakuta nondo wasiojali taa wamejipanga kama walevi kilabuni.

Vaeni viatu, maana usiku kuna nyoka na nge. Vaeni mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na mkirudi mlale ndani ya chandarua. Taa ya moto isiwekwe juu ya nyasi kavu. Kama ni msitu wa hifadhi, ombeni kibali kwanza. Na mwelezeni mwenyekiti wa kijiji mnakwenda wapi. Watu wanne wenye shuka jeupe msituni usiku wa manane wanaweza kudhaniwa majangili, au mizimu!

Wanaofika mapema: nondo wa kasi

Wa kwanza huja jioni, giza likianza tu kuingia. Mwili wake ni mnene na umechongoka kama risasi. Mabawa yake ni membamba na marefu, yamelala nyuma kama ya ndege ya jeshi. Akiruka, huwezi kuyaona mabawa, unasikia mvumo tu. Mmulike kwa tochi, macho yake yatawaka kama makaa. Huyu ni wa ukoo mmoja na yule mwenye fuvu. Sisi tutawaita nondo wa kasi.

Nondo wa kasi husimama hewani mbele ya ua bila kutua, akanyoosha mrija wake mrefu na kunywa. Wengine mrija wao ni mrefu kuliko mwili wenyewe. Ukitaka kuwaona bila taa, kaa karibu na mpapai jioni.

Na hapa tunaomba tusimame kidogo, maana habari ya mpapai ni habari ya mfuko wetu. Mipapai mingi ya vijijini ina jinsia mbili. Upo mpapai jike unaozaa, na upo mpapai dume wenye mashada marefu ya maua yanayoning'inia, usiozaa. Mkulima anaona huu dume unakula mbolea ya bure. Anaukata. Mwaka huo ameukata mmoja, mwakani jirani naye anakata wake. Halafu wanashangaa mipapai majike inachanua vizuri, maua yanaanguka, matunda hakuna. Wanasema mbegu mbaya.

Mbegu haina kosa. Ua jike linahitaji unga wa ua dume, na anayeuleta mara nyingi ni nondo wa kasi. Ua dume lina maji matamu. Ua jike halina kitu, ila linafanana na dume na kunukia kama dume. Nondo anakunywa kwenye dume, anapakwa unga, halafu katika giza anakosea na kuingia kwenye jike. Kwa kosa hilo dogo sisi tunapata papai. Ukikata madume yote, nondo hana cha kunywa wala cha kubeba. Acha dume mmoja kwa majike kadhaa.

Tena nondo hawa hawakai shambani mchana. Viwavi wao hula majani ya miti na majani ya porini. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba umbali wa shamba la mipapai kutoka kwenye pori la asili, na hali ya pori lenyewe, vinabadilisha jinsi nondo hao wanavyolihudumia shamba. Kwa hiyo ule ukanda wa miti tunaouona kama kuni tu una kazi nyingine usiku. Na yule anayepiga dawa ya wadudu jioni juu ya maua, hajui anamwua nani.

Wakubwa wa usiku wa manane

Ukivumilia usingizi mpaka saa sita, saa saba, huja wale wakubwa. Mabawa ni mapana kama sahani, na kila bawa lina alama ya mviringo kama jicho. Watoto huwapenda kuliko wote. Wengine ni wa rangi ya hudhurungi, wengine wa rangi ya udongo mwekundu. Akishtuka hufunua mabawa ya nyuma ghafla, na ndege aliyetaka kumla anajiona anatazamwa na macho mawili ya bundi.

Kati yao yupo mmoja wa kijani kilichopauka, mwenye mikia miwili mirefu kama riboni. Kiwavi wake hula majani ya mng'ongo. Mikia ile si pambo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa nondo wa huko wa jamii hiyo hiyo, kwamba mikia ikizungukazunguka hewani humchanganya popo. Popo anayewinda kwa kusikia mwangwi huuma mkia, nondo akaenda zake na mkia umepungua. Ukimwona mwenye mkia mmoja, huenda alikutana na popo.

Hawa wakubwa hawali kabisa. Midomo yao haifanyi kazi. Wanaishi siku chache tu, kwa shibe waliyoiweka walipokuwa viwavi. Kazi yao ni kutafutana na kutaga. Mtazame dume: vipapasio vyake ni kama manyoya mapana. Ndiyo pua yake. Jike hutoa harufu ndogo sana usiku, sisi hatuwezi kuinusa, lakini dume huinusa kutoka mbali akaifuata. Jike kipapasio chake ni chembamba. Hivyo hata mtoto anaweza kujua huyu ni dume au jike. Likumbukeni jambo hili la harufu, tutalirudia.

Viwavi wao ni chakula. Wenzetu wa Zambia, wa Katanga huko Kongo, na wa Zimbabwe huwakusanya msituni, huwakamua matumbo, huwachemsha na kuwaanika juani, na huwauza masokoni. Lakini si kila kiwavi huliwa! Wapo wenye manyoya yanayochoma na kuwasha vibaya kuliko upupu. Usimshike kiwavi mwenye manyoya kwa mkono mtupu, na watoto wakatazwe.

Wapo pia nondo wa mwituni ambao kiwavi wao husuka kifuko cha hariri kwenye matawi ya migunga. Huko Mwingi, Kenya, wanavijiji wamekuwa wakikusanya vifuko vya namna hiyo ili kutengeneza nyuzi. Mfugaji ajue jambo moja: ng'ombe akimeza vifuko vile wakati wa njaa, hariri haiyeyuki tumboni. Hujikusanya na kuziba, na ng'ombe anaweza kufa.

Wadogo wengi, na mmoja wa kuogopa

Sasa turudi kwenye shuka. Mpaka saa tano limeshajaa wadogo. Hapa ndipo mtu anakata tamaa, maana wote anaona ni kahawia. Usikate tamaa. Tazama kwanza namna alivyokaa.

Yupo aliyelaza mabawa yote manne wazi, yamebanwa bapa kwenye shuka kama stempu. Mwamishie kwenye gome la mti, hutamwona tena, atafanana na gome. Viwavi wa hao hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama mtu anayepima kiwanja kwa shubiri. Yupo mwingine mwenye rangi kali, nyekundu au manjano au nyeupe yenye madoa. Rangi hizo ni onyo. Wengi wao ni wachungu, na baadhi yao hutoa mlio mdogo popo akikaribia, kama kumwambia, "Achana na mimi, nitakuharibia mdomo."

Halafu yupo aliyekunja mabawa kama paa la nyumba, mwili wa wastani, rangi ya majivu na kahawia. Ukoo huu ni mkubwa sana na wengi wao hawana neno. Lakini humo humo yumo nondo wa viwavijeshi.

Huyu tumkague kwa makini. Mabawa yakifunguliwa, upana wake ni kama sentimita tatu tu. Bawa la mbele ni la kijivu na kahawia, lina alama ndogo ya mviringo na nyingine kama figo. Bawa la nyuma ni jeupe lililofifia, mishipa inaonekana. Hakuna kinachotisha. Yule wa fuvu aliyetimua nyumba nzima hana madhara kwa mtu, na huyu tunayempangusa mezani bila kumtazama ndiye anayeweza kumaliza mahindi ya kijiji kwa wiki mbili.

Jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai. Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Viwavi wakiwa wengi hubadilika kuwa weusi, huandamana pamoja, na hula mahindi, mtama, uwele, mpunga, miwa na nyasi za malisho. Mihogo na maharage huyapita. Wakishiba hujichimbia ardhini wakawa mabuu, na nondo wapya wakitoka husafiri na upepo mamia ya kilomita. Ndiyo maana watu husema wametoka mbinguni. Wametoka wilaya nyingine, usiku, juu ya vichwa vyetu.

Kwa hiyo ukiona nondo wa namna hii wengi ghafla kwenye taa, na mvua za kwanza zimenyesha, usingoje. Anza kukagua mahindi na nyasi kila siku, hasa siku ya tano na kuendelea. Kiwavi akiwa mdogo, rangi ya kijani, anafanana na jani na ni rahisi kumwua. Akishakuwa mweusi na mkubwa, ameshakula karibu chote alichokuja kula. Mpashe habari afisa ugani siku hiyo hiyo.

Wataalamu wana njia bora kuliko taa. Mnaikumbuka ile harufu ya jike? Wametengeneza harufu ya jike wa viwavijeshi, wakaiweka kwenye kipande kidogo cha mpira ndani ya mtego. Madume huifuata na kunaswa. Taa huita kila mdudu, harufu hii inaita hao tu, hivyo kuhesabu ni rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro, wanavijiji wenyewe walianza kufundishwa kuhesabu nondo mtegoni na kupima mvua, kisha kutoa tahadhari kijijini kwao. Zamani hesabu zilipelekwa mbali kwanza, na taarifa ikirudi viwavi wameshapita.

Tusimchanganye huyu na ndugu yake mgeni kutoka Amerika, kiwavijeshi vamizi. Huyo alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 akathibitishwa Tanzania. Nondo dume wake ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa. Kiwavi wake ana alama kichwani kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana vitone vinne vilivyopangwa kama pembe za mraba. Yeye haandamani sana. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na unga unga wa kinyesi chake ndio unaomtaja.

Andika daftarini

Macho husahau. Mtu akiona nondo thelathini usiku mmoja, asubuhi atakumbuka watatu. Kwa hiyo chukueni daftari, chorea mistari, andika tarehe, saa, hali ya hewa, na nondo aliyefika. Kama hujui jina, andika umbo. Andika amekaaje, vipapasio vikoje, bawa la nyuma lina rangi gani. Hata jina la nyumbani kwenu andika, lugha zetu zina majina ambayo vitabu havina. Mwanamke mmoja aliyekuwa nasi hakuwa ameandika kitu tangu amalize kisomo. Usiku ule ndiye aliyeshika kalamu, maana maandishi yake yalisomeka kuliko yetu. Huu hapa ndio ukurasa wake, tumeunakili kama ulivyo:

"Usiku wa giza, joto, mawingu. Taa imewashwa saa 1.
Saa 1 na nusu: nondo wa kasi 2, kwenye maua ya papai dume. Hawakuja kwenye shuka.
Saa 3: wadogo wa kubanwa bapa, wengi. Mwekundu wa madoa 1.
Saa 4: wa paa la nyumba, kijivu, 4. Alama kama figo ipo. Nimemwambia mume wangu tukague mahindi.
Saa 6: mkubwa wa macho, dume, vipapasio kama manyoya. Mtoto ameamka kumwona.
Saa 7 kasoro: wa kijani, mkia mmoja.
Saa 7: mvua. Tumekunja shuka."